Sufuria Kwenye Kitabu cha Mazishi

Saiba za Eastlands hulishwa na watu wa aina mbili: wanaotafuta kazi na waliokufa. Wanafunzi nao huja, lakini mwanafunzi huja na shilingi ishirini na maswali ya shilingi mia mbili. Mtafuta kazi huja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, na kila karatasi iliyomo lazima iskaniwe. Marehemu haji mwenyewe, hutuma kamati.

Saiba yangu iko Umoja, chini ya ghorofa, katikati ya kinyozi na mama wa chipsi. Mtaa huu ulipoanza kujengwa miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani, nyumba zilikuwa fupi na za heshima. Siku hizi kila kipande cha ua kimeota ghorofa, na ghorofa zimeota nyaya za intaneti zinazovuka barabara kutoka roshani hadi roshani, juu ya nguo za watu zilizoanikwa. Mafuta ya chipsi huruka, nywele za kinyozi hupeperuka, na vyote viwili huja kutua kwenye kioo cha skana yangu. Viko vyeti vya KCSE vilivyotoka hapa vikiwa na unywele uliolala juu ya alama ya hisabati, na sijamsikia mwenye cheti hata mmoja akilalamika.

Kazi ya vyeti ina uchungu wake. Katiba ya mwaka 2010 ina Sura ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu, na nadhani walioiandika waliwawazia mawaziri na wabunge. Ilipotufikia huku ilikuwa imegeuka rundo la hati: cheti cha tabia njema kutoka DCI, hati ya KRA kwamba hudaiwi kodi, ya HELB kwamba hudaiwi mkopo wa masomo, fomu ya EACC ya kujieleza kuhusu uadilifu, na ya CRB kwamba hukukimbia deni. Kijana wa Kayole anayeomba kazi ya udereva anatakiwa athibitishe kuwa hajapora mali ya umma, mali ambayo hajawahi hata kusimama karibu nayo.

Basi tunaskani, tunabana, tunageuza kuwa PDF, kisha tunaikabili fomu ya mtandaoni. Huwa na kitufe kimoja cha kuchagulia faili, na maneno madogo chini yake: kila faili isizidi MB 2. Simu ya kawaida ya siku hizi hupiga picha ya MB 4 au 5, kwa hiyo cheti kilichopigwa picha kikiwa juu ya kitanda, na maua ya shuka pembeni, tayari kimevunja sheria kabla ya kufika popote. Mteja anabonyeza. Kiduara kinazunguka. Yanatokea maandishi ya kijani: Asante, ombi lako limepokelewa. Mteja anapumua, ananunua soda, anaenda zake. Miezi baadaye, akibahatika kumpata mtu wa kumuuliza, anaambiwa ombi lake lilikosa cheti cha tabia njema. Cheti alichokiona kwa macho yake kikipanda.

Mtaani kwetu kukataliwa kuna kelele. Konda akiona noti yako imechanika atakutangaza mbele ya gari zima, mpaka abiria wa kiti cha nyuma atoe maoni. Mwenye nyumba akikuchoka anatia kufuli lake juu ya lako, na funguo anaziweka mfukoni huku unamtazama. Mama mboga akisema hakukopeshi tena, jirani wote wanajua na wewe unajua. Seva peke yake ndiyo inayokunyima huku inakushukuru.

Lakini nilitaka kuwasimulia ya marehemu.

Kitabu cha mazishi ndicho kilicholipa kodi ya saiba hii katika miezi ambayo hakuna kazi iliyotangazwa. Kurasa zake ni 8, au 12, au 16, kwa sababu karatasi inakunjwa katikati na kila karatasi inazaa kurasa nne. Familia ikitaka kurasa 13 lazima tukae chini tuongee. Jalada ni la karatasi ya kung'aa. Ndani kuna ratiba ya ibada, kuna wasifu, kuna salamu za watoto, wajukuu, kanisa na majirani. Wasifu husomwa na mtu mmoja tu, naye ni yule aliyepewa kipaza sauti. Picha husomwa na ukoo mzima. Zinahesabiwa: nani ametokea mara ngapi, nani amekatwa bega, nani amewekwa ukurasa mmoja na yule aliyemkopesha marehemu akakataa kusamehe.

Na picha hizo zilikuwa zikinijia kwa kila njia aliyoiumba Mungu. WhatsApp, ambapo hufika zimebanwa mpaka uso wa mtu unabaki miraba. Flashi yenye virusi. Bluetooth ya simu ya shangazi, inayohitaji simu mbili zilazwe ubavu kwa ubavu mezani na hakuna kupumua. Mjane mmoja alileta picha ya ukutani na fremu yake na kioo chake na msumari wake. Ikifika saa nne usiku, kompyuta yangu ilikuwa na picha za marehemu watatu wa familia tofauti, na hapo ndipo mtu huweza kuzikwa na wajukuu wa mwenzake.

Ndipo akaja kijana wa ghorofa ya nne. Huyu amemaliza chuo, anatengeneza tovuti za makanisa, na hulipwa kwa maombi zaidi ya kwa pesa. Alinitazama nikihangaika na fremu ya mjane, akacheka.

"Buda, wacha nikutengenezee fomu. Familia inaaplodi picha zenyewe, wewe unazikuta kwa folda. Unaketi tu."

Mimi napenda kuketi. Nikakubali.

Fomu ilianza kazi na mzee mmoja aliyestaafu kutoka reli, mtu wa watu, aliyeinunua nyumba yake Umoja wakati ambapo marafiki zake walimwambia anajitupa porini. Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana kila jioni katika ukumbi wa kanisa. Kiungo kikatumwa kwenye kundi la familia. Binti mkubwa akakusanya picha usiku kucha: mzee kijana na suruali ya bomba, mzee na kofia ya reli, mzee akikata keki, mzee akikataa kukata keki. Akazichagua zote kwa pamoja, akabonyeza. Asante! Picha zako zimepokelewa.

Kijana alikuwa amejipendekeza kidogo zaidi ya tulivyoagana: programu yake ilichukua picha ya kwanza iliyoikuta kwenye folda, ikaipandisha kwenye jalada na kutoa sampuli. Yeye, bila kuifungua, akaitupa sampuli hiyo kwenye kundi la familia, usiku wa saa tano.

Ilikuwa sufuria. Sufuria kubwa, ya kupikia wali wa watu mia, imekaa juu ya sakafu ya simiti, kifuniko kando. Chini yake: Pumzika kwa Amani Baba, na mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki.

Shangazi watatu walikuwa wameshaweka mikono ya kuomba kabla ya kutazama. Binamu mmoja wa Dandora akaandika, "Tutamkumbuka daima." Kisha kundi likanyamaza, ile namna ya kunyamaza ambayo unaona watu wanaandika, wanafuta, wanaandika tena. Wa kwanza kusema alikuwa mweka hazina wa kamati: "Hiyo ni ile tulikodisha. Nilipiga picha ndio wasiseme tumeibonyeza."

Nikafungua folda. Sufuria ilikuwa peke yake.

Kijana alishuka ngazi na kompyuta yake ya mkononi na mchirizi wa jasho. Akatazama programu kwa muda mfupi tu, akajipiga paji la uso. Kumbe sehemu ya kuchagulia picha alikuwa ameipa jina, picha, akasahau kuweka mabano ya mraba mwishoni mwa jina hilo. Katika PHP, lugha aliyoitumia, mabano hayo matupu ndiyo yanayoiambia seva kwamba zinakuja nyingi na kila moja itafutiwe mahali pake. Yasipokuwepo, sehemu inakuwa bedsitter ya kitanda kimoja: kila mgeni anayeingia anamtoa aliyelala. Mzee wa suruali ya bomba aliingia, akatolewa na mzee wa kofia ya reli, naye akatolewa na mzee wa keki, wote wakapita hivyo, na wa mwisho kubisha hodi, sufuria, akalala mpaka asubuhi.

Jambo lililonichoma ni kwamba picha zote zilifika. Zililipiwa bando. Zilipanda kutoka simu ya binti, zikavuka nyaya, zikafika mlangoni kwa seva zikiwa salama, ndipo zikapotea.

Hapo kijana, ambaye akiaibika hugeuka mwalimu, akanipa historia. Zamani fomu ya mtandaoni ilibeba maneno tu. Ni mwezi wa Novemba 1995 ambapo watu wawili wa kampuni ya Xerox, Ernesto Nebel na Larry Masinter, walichapisha pendekezo linaloitwa RFC 1867, wakaeleza jinsi fomu inavyoweza kubeba faili. Kivinjari kinazifunga zote katika mzigo mmoja, na kati ya faili na faili kinaweka mstari wa herufi za ovyoovyo, ambao haupatikani ndani ya faili yoyote, ili seva ijue hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Na tangu siku hiyo walifikiria kuwa mtu anaweza kutuma zaidi ya moja. PHP yenyewe ilianzishwa miaka hiyohiyo na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ambaye mwanzoni alitaka tu kujua ni watu gani wanaoisoma CV yake aliyoiweka mtandaoni. Nilifurahi kusikia kuwa kuna mtu aliyewahi kuwa na hakika kwamba CV yake inasomwa.

"Sasa weka hayo mabano," nikamwambia, "mimi nitamtafuta mzee."

Akaweka mabano, akasafisha folda. Binti akaongeza picha nyingine, akatuma tena. Asante! Folda ikawa tupu, hata sufuria haikuwemo.

Hii ya pili ilikuwa ya uzito. PHP, usipoigusa mipangilio yake, inaruhusu faili moja isizidi MB 2 na mzigo mzima usizidi MB 8. Faili moja ikizidi, unapewa namba ya kosa. Na namba zenyewe nazo ni kichekesho: 0 ndiyo kufaulu, 4 maana yake hukutuma kitu, kisha kutoka 4 unarukia 6, namba 5 haipo wala haitafutwi na mtu. Lakini mzigo mzima ukizidi, seva haitoi namba yoyote. Inautupa wote, na jina la mtumaji ndani yake, halafu programu inaendelea kana kwamba mlango haukubishwa. Programu ya kijana ilikuwa imefundishwa kutafuta makosa tu. Ikatazama, haikuona faili, kwa hiyo haikuona kosa. Ikashukuru.

Mimi nina maoni yangu kuhusu hili, na niliyatoa kwa sauti mpaka kinyozi akazima mashine kusikiliza. Anayeandika Asante kwa rangi ya kijani bila kwanza kuhesabu alichopokea ameahidi kwa niaba ya mtu mwingine. Kijana alisema huo ni utaratibu wa kawaida, kila mtu anaandika hivyo. Nikamwambia hata kulala na viatu ni kawaida katika nyumba fulani.

Viwango vikapandishwa. Yakatokea ya majina, ambayo nitayapitia haraka kwa sababu hayakuleta vita: WhatsApp kwenye simu za Android huipa picha jina kwa tarehe na namba ya foleni ya siku hiyo, kwa hiyo simu ya mwana wa kwanza na simu ya mwana wa tatu kila moja inaweza kuwa na WA0004 ya tarehe ileile. Mwana wa kwanza akatuma yake, ubatizo wa mzee. Mwana wa tatu akatuma yake kwa bahati mbaya, tangazo la magodoro ya bei ya kutupa. Majina yakafanana herufi kwa herufi, godoro likakalia ubatizo. Kijana akaifundisha seva kumpa kila mgeni jina jipya akifika. Tukasonga.

Sasa ndipo pakawa na picha. Nyingi, kali, za rangi. Binti alikuwa amechagua 28. Nikazipanga kurasa nne za katikati, nikatoa sampuli, safari hii nikaikagua mwenyewe toka jalada hadi jalada, nikamkabidhi mwenyekiti wa kamati. Jioni ile nikaitwa ukumbini. Kijana nikamburuta.

Mashemeji walikuwa wameketi upande wao. Ndugu za mjane, wanne, makoti ya suti, fimbo moja kati yao ambayo mkubwa wao aliishika bila kuiegemea. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa pale katikati.

"Kijana," shemeji mkubwa akaniambia mimi, ingawa nina mvi, "tumehesabu. Ukoo wa marehemu wapo. Kanisa wapo. Reli wapo. Mpaka mbwa yupo. Sisi tuliomlea mama ya hawa watoto tuko wapi?"

Binti mkubwa akaapa kuwa aliwachagua. Akatoa simu. Kweli, walikuwemo: picha nane za ukweni, harusi, mbuzi, nyanya wa mama amekaa kwenye kiti cha heshima. Zote nane za mwisho.

Nikamtazama kijana. Nilimwona akipiga hesabu: 28 toa 8. Uso ukambadilika.

"Wazee," akasema, "samahani. Sio familia. Ni PHP."

"Huyo PHP ni wa ukoo gani?"

"Sio mtu, mzee. Ni lugha."

"Ya kabila gani?"

Mwenyekiti akakohoa. Kijana, Mungu amsaidie, akaamua kueleza. Akasema PHP huchukua faili 20 kwa mkupuo mmoja, na zinazozidi haziingizwi kwenye orodha. Akasema kiwango hicho kiliwekwa mwaka 2009, kwa sababu wako watu wabaya ambao wangeweza kutuma maelfu ya faili ndogondogo kwa pamoja ili kuikaba seva.

"Watu wabaya," shemeji mkubwa akarudia, polepole, akimgeukia mdogo wake. "Umesikia tunavyoitwa?"

Kuna umbali ambao maelezo ya kitaalamu hayawezi kuvuka, na umbali huo ni upana wa meza ya kamati ya mazishi. Kwa wale wazee, kitu kilichochukua picha ishirini za upande mmoja kikaacha nane za upande wa pili, bila kuruka hata moja, hakiwezi kuwa mashine. Mashine hukosea ovyo. Hiki kilijua mpaka wa ukoo. Na mimi, nikiwatazama, sikuweza kusema kuwa wanawaza vibaya: kama ningekuwa na fimbo ningeishika vilevile. Kosa lao lilikuwa kudhani kuna aliyeamua. Seva ingesema tu, picha 28 zimeletwa, nimechukua 20, nane nimeziacha nje, binti angeona saa ileile na yangeishia kwenye simu yake.

Shemeji wa pili, mpole kuliko wenzake, aliuliza swali ambalo naliona la maana hadi leo. "Hiyo Greenland aliyotoka huyo mwenye lugha, watu wanaoa?" Kijana alikuwa amekwisha kumtaja Lerdorf katika jitihada zake za kujiokoa. Akasema ndiyo, nadhani wanaoa. "Basi wana mashemeji," mzee akasema, na akaacha hapo.

Usiku ule kijana hakulala. Alipandisha kiwango hadi faili 100. Akaweka hesabu kwenye fomu, kivinjari kihesabu picha zilizochaguliwa kabla hazijaondoka, seva ihesabu zilizofika, na mtu aonyeshwe zote mbili: Umetuma 28, tumepokea 28. Zisipolingana, maandishi yawe mekundu na zitajwe zilizokosekana, moja moja, kwa picha ndogo. Naapa kazi hiyo ilikuwa nzuri kuliko jalada. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa na hofu ya mashemeji, akaongeza uwazi: kila kilichopokelewa kikae kwenye orodha chini ya fomu, kila mwenye kiungo aone na aweze kukifungua, pasiwe na mtu wa kusema amefichwa.

Kiungo kikarudishwa kundini. Binti akatuma zote tena. Umetuma 28, tumepokea 28. Nyanya wa mama akaonekana kwenye kiti chake cha heshima. Shangazi wakaweka mikono ya kuomba, safari hii baada ya kutazama. Mwenyekiti akanipigia simu kunishukuru, na mimi nikaanza kupanga kurasa upya. Zikawa 16, mbwa nikamtoa.

Ilikuwa kama saa tatu usiku, stima ilikuwa imepotea na kurudi, nilipoona orodha imeongezeka. Umetuma 1, tumepokea 1. Haikuwa picha. Ilikuwa PDF.

Nikampigia kijana. "Si uliniambia fomu inakubali picha pekee?"

Kimya kidogo. "Niliandika picha pekee kwa fomu," akasema. "Lakini hiyo ni kuiomba simu. Seva yenyewe sikuiambia ikague."

Kwa maneno mengine, ile alama inayosema picha tu huiongoza simu ionyeshe picha kwanza; mwenye simu akienda upande wa mafaili yote akachagua anachotaka, hakuna wa kumzuia, na seva isipokagua yenyewe ndani ya faili inapokea chochote na kuhesabu sawasawa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Moja na moja.

Nikaifungua. Karatasi ya mistari, mwandiko wa kalamu ya wino, mwaka 1983 pembeni, alama za dole gumba mbili chini. Makubaliano ya mahari. Ng'ombe kumi. Waliopelekwa, sita, kila mmoja ameandikwa kwa rangi yake. Mbele ya wanne waliobaki palikuwa na neno moja limepigiwa mstari mara mbili: Bado. Ilikuwa imeskaniwa vizuri ajabu, nadhani kwenye saiba ya ng'ambo ya barabara, bila hata unywele.

Nilimwambia kijana aiondoe. Akasema anaweza, lakini nitazame kundini kwanza. Nikatazama. Wajukuu ambao hawajawahi kuandika chochote tangu kundi liundwe walikuwa wakiuliza kama ng'ombe wa 1983 huhesabiwa na ndama wao. Binamu wa Dandora aliandika tena, "Tutamkumbuka daima." Mwana wa kwanza akasema baba yake alilipa, aliyesema alilipa akaombwa alete risiti, na mweka hazina, mtu wa ushahidi, akauliza kama kuna aliyewapiga picha wale ng'ombe sita.

Asubuhi shemeji mkubwa alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Aliingia, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka fimbo juu ya magoti, akanipa simu yake ikiwa imefunguliwa pale kwenye orodha.

"Ile mashine yenu sasa inafanya kazi vizuri," akasema. "Ukurasa wa katikati unabaki nafasi?"

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kitabu kimejaa, kurasa ni 16, na tukiongeza hata moja lazima tuongeze nne.

"Basi tengeneza kopi. Kopi ni ngapi?"

"Shilingi tano, mzee."

Akatoa noti ya mia mbili na ya hamsini, akazinyoosha juu ya meza. "Fanya hamsini. Na usiandike chochote juu yake. Wataelewa."